Salio

Nilikuwa karani, si mwanamuziki.
Vyombo vyangu: penseli, karatasi ya kaboni,
daftari lenye mistari myekundu.
Duka la jumla la santuri, River Road,
mlango wa pili baada ya fundi viatu.

Mwaka wa sabini na tisa tuliagiza elfu tano.
Elfu tano! Bwana Harshad alikwenda mwenyewe kiwandani, Enterprise Road,
kutazama plastiki ikikandamizwa kama chapati,
akarudi anatoka jasho la furaha:
"Huyu Lisutsa atatununulia jengo."
Tukasogeza injili, tukasogeza rumba,
tukampa Habakuk Lisutsa ukuta mzima.

Na alistahili, msinielewe vibaya.
Nyimbo nane, gitaa moja, filimbi ya nduguye,
na kimya, kimya ambacho hakuna aliyewahi kukirekodi hapa mjini.
Katikati ya wimbo wa tatu gari moshi linapita Muthurwa,
naye anaacha kupiga, analipisha,
kisha anaendelea pale pale alipoachia.

Hayo niliyasoma gazetini.
Mimi nilikuwa nyuma, ghalani.
Kilichonifikia kupitia ukuta ni besi
na nyundo ya fundi viatu,
hata nikaamini kwa miezi kadhaa
kwamba Lisutsa ana mpiga ngoma.

Januari, thelathini na moja.
Februari, kumi na tisa.
Machi, mvua. Saba.

Walioisifu walipewa bure.
Mtangazaji alipewa bure, mhadhiri akaazima ya mtangazaji,
na umma wa Mungu ulisimama mlangoni kwetu
umeegemea miavuli, ukasikiliza upande mzima wa kwanza,
ukatikisa kichwa, "Huyu bwana anajua,"
ukanunua betri za redio.

Kizuri chajiuza, mama alinifunza,
kibaya chajitembeza.
Laiti angeliona ukurasa wa Aprili.

Aprili mauzo yalipanda: arobaini na mbili.
Bwana Harshad akaagiza mandazi.
Lakini pesa nilizipokea mimi.
Noti za ishirini zilizokunjwa mara nne, mkunjo mdogo, mkali,
kutoka kwa kijana wa shule,
kutoka kwa mama muuza sukuma,
kutoka kwa mzee mwenye kofia ya reli,
mkunjo ule ule mmoja.
Nilikuwa nimemlipa Lisutsa malipo ya awali kwa mkono wangu huu.
Nilimwona anavyokunja.

Sikusema kitu.
Niliandika arobaini na mbili
kwa mwandiko wangu wa siku ya mtihani.

Mei, mbili.
Juni, nafasi tupu.
Kufikia Desemba, mia moja thelathini na nane.
Salio: elfu nne, mia nane, sitini na mbili.

Yeye akarudi karakana ya reli.
Ukuta tukaurudishia rumba.
Fundi viatu akaomba majalada, karatasi yake ngumu, nzuri,
akayakata kwa kisu kilichopinda, namba saba, namba nane,
akayatia ndani ya viatu vya watu.
Nusu ya River Road ilikanyaga ule uso mpole wenye mwanya,
ikapanda nao ngazi za benki, ikaenda nao kortini,
kanisani, Gikomba, mazishini.
Basi kizuri nacho kilijitembeza, mama.
Sijui kama Lisutsa naye aliwahi kupeleka viatu pale.

Siku ya kufunga hesabu niliandika:
*Moja, imevunjika.*
Haikuvunjika. Iko Umoja, chini ya kitanda changu,
ndani ya mfuko wa unga.
Gramafoni sijawahi kuwa nayo.
Mjukuu wangu anasema pengine imo kwenye simu, dakika moja tu, babu.
Namwambia kesho.

Usiku naitoa, napitisha kidole kwenye mifereji,
polepole, toka ukingoni kuingia ndani,
nahesabu: wa kwanza, wa pili.
Kwenye wa tatu kuna mahali pamelainika kidogo.
Nasimamisha kidole.
Nalingoja lipite.